Ile chupa sio tupu, ndugu msomaji

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hapa wiki mbili zilizopita kuhusu maabara za utafiti kutafuna hela. Sina ugomvi naye, hela zinatafunwa kweli na akitaka ntamwonyesha pa kuanzia kuchimba, ila mfano aliouchagua ndio umeniwasha. Anasema alienda kumtembelea shemeji yake kazini, maabara, akaonyeshwa kichupa kidogo kama cha wanja, ndani hakina kitu, akaambiwa hiki kimeagizwa nje kwa karibu milioni moja ya kwetu. Akacheka, akarudi nyumbani, akaandika barua. Halafu mwishoni akatupia na kwamba kwenye lebo pameandikwa "ya binadamu", sasa tuambiwe hivyo vipande vya watu vinavyoingia nchini ni vya nani.

Mi ni mtu wa maabara, huu mwaka wa kumi na nne, na vichupa vya aina hiyo nimevifungua mpaka vidole vimeota sugu. Kwa hiyo nisikilizwe na mimi.

Kwanza hakikuwa kitupu. Ndani mna protini ambayo iligandishwa halafu maji yakavutwa yote ikiwa bado imeganda, kinachobaki ni utando mwembamba umejipaka kwenye kuta za kichupa, na mara nyingi ni maikrogramu 100, yaani chukua gramu moja uigawe mara elfu kumi. Kwa macho ni kama punje mbili za chumvi, sasa hizo punje mbili zisage uzipake kwenye kioo uone kama utaona kitu. Kuna kampuni zinaweka sukari kidogo ili ikauke vizuri, hapo utaona kiunga cheupe na roho inatulia, lakini ule unga ni sukari, mali yenyewe huioni vilevile. Tulikuwa na dogo mmoja wa fildi, kijana msikivu tu, siku hiyo kapewa kichupa akifungue. Kilitakiwa kizungushwe kwanza kwenye sentrifuji ili kilichopo chote kishuke chini. Yeye akakifungua pwaa, akachungulia, akakigeuza juu chini, akakigonga mezani, kimya. Akakitupa kwenye ndoo ya vioo na kwenye daftari akaandika kwa mwandiko mzuri kabisa, "imekuja tupu". Tulikifukua kwenye ndoo na makoleo, bosi kasimama nyuma yetu hasemi neno, na ile hali ya bosi kutosema neno wanaoijua wanaijua.

Pili, hilo la "ya binadamu". Ndugu yangu, ukipika biriani kwa maelekezo ya bibi yako wa Pemba, humo ndani hamna nyama ya bibi. Kilicho cha binadamu hapo ni maelekezo, jeni. Jeni inaandikwa siku hizi kwa mashine, inachomekwa kwenye kiduara cha DNA kinachoitwa plazimidi, kiduara kinapewa seli hai zinazoishi kwenye chupa zikila supu yake, seli zinasoma maelekezo zinapika protini. Hiyo ndo inayoitwa protini rikombinanti. Ufundi wenyewe ulianza 1973 kule California na kina Stanley Cohen na Herbert Boyer, na kama kuna mtu nyumbani kwako ana sukari anachoma insulini basi unayo hiyo kitu kwenye friji sasa hivi, maana insulini ya binadamu iliyotengenezwa namna hii iliruhusiwa Marekani mwaka 1982 na kabla ya hapo watu walikuwa wanachomwa ya kongosho za nguruwe na ng'ombe. Sijasikia mtu akiuliza ile insulini ni ya nani.

Ila nisiwe mjanja wa kuficha. Seli zinazotumika sana kupika hizi protini zinaitwa HEK293, na hizo zilianzia kwenye figo ya kijusi cha binadamu huko Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hiyo 293 ni namba ya jaribio tu kwenye daftari la Frank Graham. Tangu hapo zinagawanyika zenyewe, hakuna anayeenda kuchukua nyingine. Kuna watu imani yao haiwaruhusu hata hapo na mi nawaheshimu, wao wanaweza kuagiza iliyopikwa na seli za CHO, zilitokana na kipanya kidogo cha Kichina kinachoitwa hamsta mwaka 1957, au za wadudu. Kwenye katalogi inaandikwa imepikwa na seli gani. Anayetaka ya bakteria nayo ipo na ni rahisi zaidi, tatizo bakteria hawaipambi protini kwa zile sukari ambazo seli zetu zinaipamba, na pia wanaacha uchafu wao, endotoksini, ambao seli za kinga zikiuonja tu zinapandisha mashetani, unabaki hujui zimepandishwa na protini yako au na uchafu.

Sasa hizi protini zenyewe ni kitu gani. Seli za kinga mwilini zina vitu vimechomoza juu ya ngozi yake, vipokezi, sisi labu tunasema risepta, ndio mikono ya seli ya kupapasia dunia. Risepta nyingine ikishikwa inaiambia seli amka kuna adui. Nyingine ikishikwa inaiambia tulia, huyu wa kwetu. Mtu akitaka kuchunguza risepta moja peke yake hawezi kuichunguza ikiwa kwenye seli maana pale zimejazana za kila aina, ni sawa na kutaka kumsikiliza mtu mmoja sokoni Mgandini saa nne asubuhi. Kwa hiyo inapikwa ile sehemu ya nje tu bila mzizi wake, ielee kwenye supu, halafu inafungwa mkia wa kuivutia. Mkia wa kawaida ni histidini sita zimefuatana, histidini ni moja ya asidi amino, yaani zile herufi zinazoiandika protini, na hizo zinang'ang'ania nikeli, basi unapitisha supu kwenye kijibomba chenye nikeli, machicha yote yanapita, yako inabaki imenasa, baadaye unaisuuza itoke. Mama zetu na kifumbu na tui la nazi, ndo kazi hiyohiyo, tofauti ni kwamba hapa unayotaka ndiyo inayobaki juu.

Mkia wa pili wanaoupenda ni kipande cha kingamwili ya binadamu, zile protini ambazo mwili unazitengeneza kumnasa adui, kile kitako chake, kinaitwa Fc. Huo mkia nina kisa nao. Malaria ina tabia ya kuuchanganya mwili mpaka unajitengenezea kingamwili dhidi yake wenyewe, sasa sisi tulitaka kujua kama kuna watu wana kingamwili zinazoigeukia risepta moja inaitwa LAIR1. Mpango ni mwepesi, unapaka LAIR1 kwenye vishimo 96 vya pleti, kisahani cha plastiki cha kupimia, unaweka majimaji ya damu ya mtu, unaosha, unaweka kitambuzi kinachonasa kingamwili yoyote ya binadamu, unaosha, unaweka rangi. Palipo na kitu panageuka bluu na ukiweka asidi panakuwa njano. Aliyeagiza aliangalia jina na bei, hakuangalia mkia. Tukapaka, tukaosha, tukaweka rangi na asidi, pleti nzima njano kama embe dodo. Watu wote 40 wanayo! Mwenzangu mmoja alishaanza kusema hii tunaipeleka jarida kubwa. Mi macho yangu yakawa kwenye safu ya mwisho, vile vishimo tulivyoweka maji ya chumvi matupu bila damu ya mtu yeyote, navyo njano. Ina maana kitambuzi kilikuwa kinanasa mkia, ule Fc, ambao na wenyewe ni kingamwili ya binadamu. Tulikuwa tunajipima wenyewe tulichopaka. Tangu siku hiyo oda haitoki pale bila mtu wa pili kusoma mkia.

Kuhusu bei, hesabu ni hii. Yetu ilikuwa dola 400 na kitu kwa maikrogramu 100. Ukiipandisha mpaka gramu unapata dola milioni nne, dhahabu ya Geita ikalale. Lakini kishimo kimoja kinakula sehemu moja ya kumi ya maikrogramu, pleti nzima kama 10, kwa hiyo kichupa kimoja ni pleti kumi, na ukipima kila mtu mara mbili na kuacha vishimo vya ulinganisho unapima watu kama 400. Dola moja kwa mtu. Shemeji yako angekwambia hivyo usingecheka.

Kwa nini LAIR1 kati ya zote? Hapa mniruhusu nirefushe maana stori hii ni ya kwetu, ya pwani hii hii, ukitoka Tanga ukavuka Horohoro ukapita Mombasa mbele kidogo unakutana na Kilifi. Pale kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome, mfuko wa Uingereza, tangu 1989. Sasa vimelea vya malaria, hawa falciparum wanaoua, wakishaingia kwenye chembe nyekundu ya damu hawatulii, wanasukuma protini zao mpaka juu ya ngozi ya ile chembe. Kundi moja la hizo protini linaitwa RIFINI na kimelea mmoja ana jeni zake kama 150. Ni mtu mwenye kanzu 150 kabatini. Kinga ikija kuizoea ya leo, kesho kavaa nyingine, ndo maana mtu anaugua malaria utoto mzima na bado anaugua.

Watu wa Kilifi wakashirikiana na maabara ya Antonio Lanzavecchia kule Bellinzona, Uswisi. Wakachukua damu za watu wazima mamia wa Kenya wakamtafuta mtu ambaye majimaji ya damu yake yanaweza kushikanisha pamoja chembe zenye vimelea wa aina tofauti, kila aina wameipaka rangi yake ili ionekane nani kashikana na nani. Wengi damu zao zilishikanisha rangi moja na rangi yake, nyekundu kivyao, kijani kivyao. Wachache sana ndo wakatoa mafungu yenye rangi zilizochanganyika, maana yake mtu huyu ana kingamwili isiyojali kanzu. Wakazitafuta seli zinazotengeneza hiyo kingamwili, wakasoma jeni yake, na hapo ndo wakakuta kioja. Katikati ya sehemu ya kushikia, pale ambapo kwa kawaida pana kamkunjo kadogo tu, pamechomekwa kipande kizima cha protini nyingine kabisa, asidi amino kama 100 hivi. Kipande cha LAIR1. Na jeni ya LAIR1 makazi yake ni kromosomu ya 19, ya kingamwili ile iko kromosomu ya 14, yaani kipande kimehama nyumba kikavuka mitaa kikaenda kujichomeka kwa watu. Ikachapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2016 na wanasayansi wengi walirudia kusoma mara mbili, mi nilirudia mara tatu na sio kwamba nilielewa.

Mwaka uliofuata yakatoka mengine mawili. Moja, wakaenda kutafuta kingamwili za namna hiyo kwa watu zaidi wanaokaa kwenye malaria, wakakuta zipo kwa watu kama 5 mpaka 10 kwenye kila 100, na kwa watu ambao hawajawahi kuishi na malaria hazipo. La pili likatoka Osaka, Japani, kwamba baadhi ya hizo RIFINI kazi yake hasa ni kushika risepta za "tulia" kwenye seli za kinga, ya kwanza inaitwa LILRB1, na LAIR1 nayo imo. Hapo ndo picha ikakamilika angalau kwangu mimi. Mwizi amezoea kumpa mlinzi mkono wa salamu, mzee habari za usiku, mlinzi anatulia mwizi anaingia. Mwili wa mtu wa Kilifi ukachukua mkono uleule wa mlinzi, ukaufunga kwenye pingu, mwizi akanyoosha mkono wa salamu kama kawaida yake akajikuta kafungwa.

Na kipande kile sio kama kilivyotoka. Kimeshabadilika herufi kadhaa, na baadhi ya hayo mabadiliko yamekifanya kiache kushika kolajeni, maana LAIR1 ya kawaida mwilini kazi yake ni kushika kolajeni, ile inayoifanya supu ya makongoro inate midomo. Bila kubadilika hivyo kingamwili ingezurura inang'ang'ania kolajeni kila kona ya mwili. Ili kujua herufi ipi imefanya nini huna njia nyingine, unapika LAIR1 ya kawaida, unapika yenye badiliko moja, unapika yenye mawili, unaziweka mbele ya kolajeni na mbele ya chembe zenye vimelea unaona nani kashika nini. Vichupa vitupu, ndugu yangu. Ndivyo vilivyofanya hiyo kazi.

Sasa nije kwenye hela inayopotea kweli, nashangaa hii hukuiona.

Baada ya lile balaa la mkia wa Fc tukaagiza upya, safari hii yenye mkia wa histidini. Muuzaji hii anaisafirisha ikiwa majimaji yaliyogandishwa, sio kavu, kwa hiyo inakuja kwenye boksi jeupe la kutunzia baridi limejazwa barafu kavu. Barafu kavu ni hewa ya kaboni dioksaidi iliyogandishwa, baridi yake ni nyuzi 78 chini ya sifuri, haitoi maji, inapotea tu hewani, na zikiwa kilo tano basi una siku chache halafu boksi linakuwa boksi. Mzigo ulitua Dar alfajiri ya Alhamisi. Nafahamu kwa sababu nilikuwa nafuatilia kwenye simu kama mtu anayefuatilia mechi. Alhamisi hiyohiyo wakala wetu akaambiwa kibali cha kuingiza kipo lakini kinasema "protini" wakati invoisi inasema "risepta ya binadamu", kwa hiyo ni vitu viwili. Tukaandika barua kueleza kwamba risepta ni protini. Ijumaa aliyetakiwa kusaini barua yuko semina. Jumamosi na Jumapili mnajua. Jumatatu tukaambiwa kwa kuwa ni ya binadamu ianzie ofisi nyingine, ile ofisi nyingine wakasema hii sio damu wala sio kiungo sisi hatuhusiki, rudini mlikotoka. Kuna baba mmoja pale dirishani, mstaarabu kabisa, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani mwanangu, huyo mtu mwenyewe amekufa?" Nikamweleza habari ya biriani ya bibi. Akacheka, akasema ameelewa, akasema lakini yeye sio msainaji.

Siku ya kumi na moja tukalipata boksi, pamoja na bili ya kulihifadhi stoo siku zote hizo. Nilipolinyanyua tu nikajua, lilikuwa jepesi. Ndani hamna hata punje ya barafu, kichupa kimekaa kwenye mfuko wake na majimaji yanacheza kama machozi. Joto la Dar mwezi wa pili sina haja ya kulieleza.

Tungeweza kukitupa palepale lakini dola 400 zinauma, tukasema tupime labda imevumilia. Tukaikimbiza kwenye jeli, kipimo kinachopanga protini kwa ukubwa, ikatoa mstari mmoja safi palepale panapotakiwa, watu wakapiga makofi. Hapo ndo wengi wanapotelea. Jeli ile kabla ya kupima inaikunjua protini yote, kwa hiyo nzima na iliyovurugika zinatoka sawa, ni kama kupima shati kwenye mizani, lililopigwa pasi na lililokunjamana kilo ni zilezile. Kazi ya risepta iko kwenye mkunjo wake. Nikapaka kolajeni kwenye vishimo, nikaweka LAIR1 yetu, na pembeni nikaweka tone la ile ya zamani yenye Fc iliyobaki kwenye friza la minasi 80. Ya zamani ikashika vizuri, rangi ikapanda. Hii iliyokaa siku kumi na moja, kimya, vishimo vyeupe pee. Ilishakatika kama maziwa. Muuzaji tukamwandikia, akajibu kwa heshima kwamba mkataba wake unaishia mzigo ukifika uwanja wa ndege, na kwamba yeye rekodi zake zinaonyesha ulifika siku ya pili ukiwa na barafu. Ana haki.

Hiyo milioni moja, pamoja na bili ya stoo, ndo hela iliyoliwa. Hakuna aliyeiweka mfukoni, ambayo kwangu ndo inauma zaidi, maana mwizi ungemkamata. Na mi siombi mambo makubwa. Kibali kishughulikiwe mzigo ukiwa bado kwa muuzaji, karatasi zote tunazo mwezi mzima kabla. Pale stoo liwekwe friza moja la kawaida, hili la kuuzia samaki linatosha kuokoa protini nyingi kwa siku mbili tatu, na maandishi makubwa mlangoni. Basi. Mtu wa kupokea simu Jumamosi akipatikana tutamwombea dua.

Halafu kuna jambo jingine ambalo hata wenzangu wa maabara hawapendi nikilisema, kwamba hivi vitu tunaweza kuvipika wenyewe. Wananiambia we umechanganyikiwa, ile ni teknolojia ya wazungu. Jamani ni seli za HEK, ni kabati la joto la nyuzi 37 lenye kaboni dioksaidi, ni chombo cha kutikisa chupa, ni plazimidi ambayo nyingi watafiti wameziweka Addgene, shirika lisilo la faida la Marekani, wanatuma kwa bei ya kawaida tu. Unawapa seli plazimidi, unasubiri siku tano mpaka saba, unakusanya supu, unapitisha kwenye nikeli. Lita moja ikikubali inakupa miligramu kadhaa. Miligramu tano peke yake ni vichupa 50 vya milioni moja moja, na unavigawa vidogo vidogo kwenye friza ili kila siku uyeyushe kamoja, maana kuyeyusha na kugandisha tena na tena nako kunaiua.

Ikikataa inakupa sifuri, na hilo linatokea sana, sisemi uongo. Supu ya kulishia seli bado inatoka nje. Umeme ukikatika usiku wa siku ya nne na jenereta likagoma unamwaga kila kitu unaanza upya. Kupima endotoksini nako kuna gharama yake. Lakini ujuzi upo ukanda huu, hao hao wa Kilifi mwaka 2018 walitoka na kioo wanakiita KILchip chenye protini za vimelea zaidi ya 100, unapima damu ya mtu mmoja dhidi ya zote kwa mpigo, sasa mtu wa kufanya hilo utamwambia hawezi kupika risepta?

Na kuna sababu ambayo haihusiani na hela hata kidogo. Kilichomo kwenye katalogi ni toleo moja la kila risepta, mawili ukibahatika. Chukua CD16, hiyo ndiyo inayoshika kitako cha kingamwili ili seli ya kinga ije kuua, pale namba 158 kuna watu wana valini na wengine fenilalanini, herufi moja tu, na ya valini inashika kwa nguvu zaidi. Hizo mbili zinauzwa kwa sababu zimejulikana miaka mingi na zina biashara ndani yake. Sisi Waafrika ndio wenye tofauti nyingi za jeni kuliko watu wote duniani, sasa ukikuta badiliko kwa watu wa Muheza au Kwale ambalo halimo kwenye katalogi utaagiza kwa nani? Utasubiri kampuni ya nje ione faida? Damu ilitoka kwetu, kioja kilionekana kwenye damu yetu, halafu risepta yenyewe tunaisubiri siku kumi na moja dirishani tunabishana kama ni protini au sio protini.

Ndugu msomaji ukifika Tanga ulizia, ntakuonyesha kichupa kingine na safari hii nitakizungusha kwanza. Lile boksi jeupe tuliliosha, dada yetu wa usafi akaliomba, sasa anauzia barafu za ubuyu nje ya geti saa saba mchana. Nanunua kwake karibu kila siku na sijawahi kupewa iliyoyeyuka.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtu wa maabara,
Tanga